Barua kwa mwanangu: hela ya mtoto anashika nani?

Mwanangu, sisi wazima, baba yako mguu tu nao anajifanya haumi.

Hiyo habari kwamba mume wangu mdogo kachukuliwa kwenye kipindi cha TV huko Los Angeles nimeringia mtaa mzima, ila usingizi sipati. Dada yako kaniwekea ile filamu ya NBC ya 2006 kuhusu watoto wa Diff'rent Strokes, komedi iliyorushwa 1978 mpaka 1986. Yule Gary Coleman wa mashavu, figo zilimsumbua tangu mdogo hata hakurefuka, na huku Marekani nzima inamcheka. Kaja kuwa mtu mzima, 1989 akawashtaki wazazi wake na meneja wake kisa hela zake, na 1993 akashinda, dola milioni 1.28. Mzazi na mwana kortini! Miaka michache mbele huyohuyo ni mlinzi. Dana Plato yeye 1991 alivamia duka la kanda za video Las Vegas, na 1999 dawa zikamuua ana miaka 34 tu. Todd Bridges naye kokeni ilimmaliza ila alijinasua, na humo kwenye filamu yeye na Coleman wametokea wenyewe, watu wazima, hapo ndo nililia.

Sasa hela ya mtoto anashika nani? Nasikia sheria ya California, ile iliyotokana na Jackie Coogan, mtoto mwigizaji wa zamani aliyeliwa hela na mama yake, inataka asilimia 15 iwekwe kwenye akaunti yake mpaka afike 18. Haya, na hiyo 85? Maana wewe na mkwe wangu nawajua, hela ikiingia mnaanza kuangalia magari. Na usinijibu habari ya mahari yako, ile ilikuwa bati na ada ya mdogo wako, kamuulize baba yako.

Umemlea vizuri, mtoto anasalimia watu. Asikose shule. Akisema kachoka muache alale, hata wakisema wanalipa mara mbili. Meneja asiwe rafiki wa mumeo. Na hela anashika nani, usinitumie emoji, andika.

Tenki limepasuka tena, fundi anataka tununue jipya, baba yako anasema litazibwa. Luku nayo imebaki kidogo, ukituma tuma kwa namba yangu, ya baba yako ana deni la songesha wataikata yote.