Diski haijafa: kwa nini setapu ya Windows haioni kitu, na kwa nini tunatoza 1,500

"Umebonyeza vitufe viwili tu, elfu moja na mia tano ya nini?" Maneno haya nimeyasikia hapa dukani hadi nimeyahifadhi. Aliyeyasema wiki iliyopita aliongeza kwamba mafundi wa kompyuta wa Malindi wote wezi, na wateja wengine wamekaa pale kwenye benchi wanasikiliza. Laptopu yake alikuwa ameambiwa kwingine kwamba diski imekufa, anunue nyingine. Haikuwa imekufa. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kila mtu anataka kuwekewa 11, na shida hii haikauki mlangoni. Basi naiandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Mambo huwa hivi: flashi ya kuwekea Windows umeitengeneza sawasawa, setapu imefunguka, umechagua lugha, umefika pale pa kuchagua diski, na orodha ni tupu. Hata mstari mmoja hakuna. Mtu akiona hivyo moja kwa moja anasema diski imeungua.

Diski na Windows hazisemezani hivi hivi. Katikati kuna kontrola, chipu inayoiongoza diski, na njia itakayotumia kontrola hiyo kusemezana na diski hupangwa kwenye baiosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Zamani ilikuwa IDE, ikaja AHCI mwaka 2004, na ipo RAID, inayoweza kuunganisha diski kadhaa ziwe moja, ambayo kwenye mashine za Intel huja na jina la RST. Prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka 2020, zikaleta na VMD: diski ya NVMe, zile SSD za kisasa za kasi, inakaa nyuma ya kontrola ya Intel, na setapu isiyokuwa na draiva yake, yaani programu ndogo ya kusemezana nayo, haiioni ng'o. Ni kama kupiga hodi mlango wa mbele na wenyewe wote wako uani: kimya, lakini nyumba ina watu.

Kwa hiyo mimi kwanza huingia baiosi, F2 kwa Dell na Acer, F10 kwa HP, nikatazame kama diski inatajwa kwa jina na ukubwa wake. Ikitajwa, iko hai, hata kama imejificha kwenye ukurasa wa RST. Isipotajwa popote ndipo nafungua skrubu. Na hapa pwani mara nyingi ni chumvi tu. Mashine iliyokaa nyumba ya ufuoni, madirisha wazi mwaka mzima, ukiitoa diski unaona vile vimeno vya shaba vimeingia doa la kijani. Unapangusa kwa spiriti, unaacha ikauke, unairudisha, diski inaonekana. Hiyo nayo kuna walioambiwa wanunue mpya.

Ikiwa tatizo ni mpangilio, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuzima VMD, au kutoa RAID na kuweka AHCI. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID, na kwenye Acer kadhaa mpangilio wa VMD hauonekani mpaka ubonyeze Ctrl na S ukiwa ukurasa wa kwanza wa baiosi. Ya pili ni kuacha kila kitu kilivyo na kuipa setapu draiva ya Intel kutoka kwenye flashi. Hapa wengi hukwama kwa sababu wameweka lile faili kubwa la kusakinisha kama lilivyopakuliwa. Setapu hailisomi hilo, inataka yaliyomo ndani, yaliyofunguliwa, yale mafaili yenye mwisho wa .inf.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato. Video zinakwambia geuza AHCI, kwisha. Kama mashine ni tupu, sawa. Kama ina Windows inayofanya kazi na mafaili yako ndani, ukigeuza tu bila kuiandaa, ikiwaka utaona skrini ya buluu inayosema haifikii diski ya kuwakia. Wazee wa kazi wanaijua tangu Windows XP, ile yenye namba ya kosa 0x0000007B.

Mwalimu mmoja wa upande wa Mambrui aligeuza hivyo. Dawa yake ilikuwa kurudi baiosi na kurudisha RAID, basi, mashine ingewaka kama kawaida. Lakini kijana wa jirani akamwambia "imekorapti, fomati." Wakafomati. Alama za wanafunzi, skimu za kazi, picha za harusi ya bintiye. Akaniletea nimrudishie, na SSD ikishafomatiwa, Windows huiamuru isafishe nafasi iliyoachwa, kwa hiyo kilichobaki cha kuokota ni kidogo sana. Hapo hakuna bei ninayoweza kumtajia mtu.

Mwenye saiba mmoja wa Gongoni alikuwa na bahati zaidi. Kompyuta yake ya mtumba kutoka Uingereza ilikuwa na diski mbili zilizounganishwa kwa RAID zikawa moja. Alipoweka AHCI akaona diski mbili zisizoeleweka, setapu inamuuliza afute nini. Akasita, akanipigia. Nikamwambia asiguse, arudishe RAID. Zikaungana tena, maana hakuna kilichokuwa kimeandikwa juu yake.

Halafu kuna BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga mafaili yote ya diski. Ukigusa baiosi, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Nimekutana na laptopu ya nyumba ya wageni Watamu ambayo ufunguo ulikuwa kwenye akaunti ya meneja wa zamani, naye keshaondoka, simu hashiki. Ilibidi wasubiri mpaka apatikane.

Hivyo vitufe viwili vina kazi kabla yake. Napima afya ya diski, nakopi mafaili yako kwenye diski yangu, nauliza ufunguo uko wapi. Ikiwa hutaki Windows yako ifutwe, naiamuru kwa bcdedit, amri ya Windows ya kupanga inavyowaka, iwake kwenye hali salama (Safe Mode), nageuza AHCI, naiacha iwake hivyo mara moja ipokee draiva, kisha naiondolea amri. Inakula muda, hasa umeme wetu ukiamua kuchezacheza. Wanaofanya kwa 500 wapo, na siwasemi vibaya. Waulize tu kama wanakopi mafaili kwanza.

Na wale wanaotaka Windows 7 kwenye mashine mpya: haina draiva ya NVMe tangu asili yake, sifanyi, tusisumbuane.

Ukija, njoo na chaja na pasiwadi ya barua pepe uliyofungulia Windows. Kama umeshageuza kitu kwenye baiosi, niambie ulichogeuza, sitakucheka. Kama hujageuza, piga picha ukurasa wenyewe kwa simu kabla mtu hajagusa. Kuangalia diski iko hai au la ni bure. Ijumaa tunafunga saa sita kwa sala, saa nane tunafungua tena.