Kuhamisha picha nyingi kwa kukopi na kupesti kumeniliza

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa maharusi hapa Ngamiani, Tanga, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wa studio na wa stationari.

Kompyuta yangu ya mezani ilianza kukwamakwama nikampelekea fundi mmoja, simtaji, anihamishie picha kwenye eksitenali (diski ya nje) kabla hajaipiga Windows upya, picha elfu thelathini na ushee. Akashika folda, akakopi, akapesti, akaenda zake kula. Umeme ukakatika, akaanza upya, mara ya pili ikagomea faili moja bovu, akabonyeza ruka, kazi imeisha, nipe elfu ishirini. Nafika nyumbani nafungua folda la hina la bi harusi wa Pongwe, picha ya kwanza tu, mikono iko juu, chini yake kijivu tupu!

Kinachoniuma, dawa ilikuwa humohumo. Windows tangu enzi za toleo la Vista inakuja na Robocopy, programu ya kukopi mafaili kwa amri, bure, haina madoido, unafungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt) unaandika robocopy D:\picha E:\picha /E /R:2 /W:5 basi (D ni diski unakotoa, E unakopeleka, na /E inabeba hata mafolda ya ndani). Umeme ukikatika unarudia amri ileile, mafaili yaliyofika salama inayaruka, inaendelea na yaliyobaki, mwisho inakupa hesabu mangapi yamepita mangapi yamegoma. Hizo R (mara za kujaribu tena) na W (sekunde za kusubiri) msiziache jamani, ukiiacha yenyewe ikikuta faili bovu inajaribu mara milioni moja na kila mara inasubiri sekunde 30, pigeni hesabu, karibu mwaka mzima kwa faili moja. Na /MIR kaeni nayo mbali kama hamjaizoea, inafuta kule unakopeleka kila kitu ambacho hakipo unakotoa, ukichanganya D na E umekwisha.

Asiyetaka kuandika amri kuna TeraCopy, programu nyingine ya kukopi, ya bure kwa matumizi binafsi (sisi wa biashara tunatakiwa kulipia, tusijifanye hatujui). Uzuri wake ukiiambia ihakiki, ikimaliza inasoma tena ilichoandika na kulinganisha na asili, Robocopy hiyo haifanyi.

Za hina nimeokoa 61 kwenye memori kadi ya zamani. Mama wa bi harusi anapiga simu kila jioni, jana sikupokea.

Mpiga picha, Ngamiani, Tanga