Barua ya Malalamiko: Injini Yangu Haikufa kwa Uzee

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma Baada ya Mauzo.

Ndugu Meneja,

YAH: RIPOTI YENU KWAMBA INJINI YA GARI LANGU "IMEFIKIA MWISHO WA UMRI WAKE" KWA KILOMITA 118,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa miaka saba. Gari nililinunua kwenu likiwa jipya: dogo, silinda tatu, cc 998, petroli. Tangu siku hiyo hadi mliponipa ripoti halikuwahi kuguswa na fundi mwingine. Sevisi saba, mihuri saba kwenye kitabu, yote ni ya kwenu. Naanza na hilo kwa sababu kijana wenu wa mapokezi aliponikabidhi ripoti aliniuliza kama nilikuwa napeleka gari "kwa mafundi wa chini ya mti." Sikuwa napeleka. Laiti ningekuwa napeleka.

Ripoti yenyewe ni ya mistari miwili. Inasema injini inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na kwamba kwa injini ndogo huo ndio umri wake, hivyo inunuliwe nyingine. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa. Hakuna mgandamizo wa silinda (nguvu ambayo silinda inabana hewa) wala shinikizo la oili, na hakuna dalili kwamba plagi zilitolewa zikaangaliwa. Daktari akikuandikia cheti cha kifo bila kugusa mshipa, ungemwamini?

Nakubali jambo moja kabla sijaendelea. Injini ndogo hufanya kazi zaidi kuliko kubwa. Barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, yangu inazunguka kama mara 3,200 kwa dakika, wakati gari la lita mbili linaweza kuwa kwenye 2,200 tu, linajikokota kwa raha zake. Kwa hiyo vyuma vyake vinasuguana zaidi kwa kila kilomita. Lakini waliounda injini hii walijua hilo. Ndiyo maana pistoni zake ni nyepesi, na ndiyo maana kitabu kinataja daraja la oili na siku za kuibadilisha. Injini ndogo za petroli zinazotunzwa zinaweza kupita kilomita 200,000 bila kufunguliwa, na mnazo kwenye uwanja wenu mnapouza magari yaliyotumika. Mnaziuza kwa kujisifu. Umri wa kufa kwa 118,000 umetoka wapi?

Nina jibu, na limo ndani ya makaratasi yenu wenyewe.

Gari lilipofika kilomita 75,000 nililileta kwa sevisi ya tano. Nilimwambia mpokeaji mambo mawili: kwamba mshale wa joto haufiki tena katikati kama zamani, unabaki chini hata baada ya mwendo wa nusu saa, na kwamba gari limeanza kunywa. Lilikuwa linatumia lita 5.4 kwa kilomita 100, sasa linakaribia 6.3. Akacheka kwa upole akasema, "Mama, bora ipoe kuliko ichemke." Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka. Maneno yana mantiki. Kila mtu anaogopa gari kuchemsha. Nani anaogopa gari baridi?

Jioni ile nilikabidhiwa gari, na pamoja na risiti karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta yenu ya uchunguzi. Sikuielewa, lakini mimi ni mtu wa kutunza makaratasi. Mstari wa pili umeandikwa P0128. Pembeni, kwa kalamu, mtu ameandika "imefutwa." Miaka miwili na nusu baadaye ndipo nilipoambiwa maana yake: huo ni msimbo wa hitilafu unaosema maji ya injini hayafikii joto ambalo thamostati inapaswa kulilinda. Yaani kompyuta ya gari ilisema kile kile nilichosema mimi, kwa lugha yenu ya kitaalamu, na fundi wenu akaifuta kama mtu anayefuta vumbi kwenye dashibodi. Wakati huo gari lilikuwa bado ndani ya dhamana, ambayo ni miaka mitano au kilomita 100,000.

Naomba nieleze injini baridi inafanya nini, maana mlionihudumia ama hamkujua ama mlijua mkanyamaza. Thamostati ni vali ndogo ya joto. Injini ikiwa baridi hujifunga, maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka. Ikishapata moto hufunguka. Yangu ilikwama ikiwa wazi. Maji yalizunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na injini ikawa inafanya kazi kama mtu aliyelazimishwa kukimbia huku amemwagiwa maji. Kompyuta, ikiona baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada haiungui yote. Nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda na kupita pembeni ya ringi, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, hadi kwenye bakuli la oili. Tena lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mwingi hutoka kwenye bomba la moshi, lakini kidogo hupenya chini pia. Injini yenye moto wake kamili huukausha mvuke huo, ukavutwa na kutolewa nje pamoja na moshi. Injini baridi hubaki nao.

Kwa hiyo ile oili mnayoniwekea kila kilomita 15,000 ilikuwa inachanganywa na petroli na maji kila siku. Kwenye sevisi ya 90,000 nilimwonyesha fundi wenu ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Aliufuta kwa kitambaa. (Kufuta ndiyo kazi mnayoiweza, naona.) Nami kwa ujinga wangu nilikuwa na furaha, kwa sababu kila nilipochomoa kijiti cha oili kiwango kilikuwa hakipungui hata kidogo. Kilikuwa hata kimepanda. Nilijisifia kwa jirani kwamba gari langu halili oili. Kumbe kilichopanda kilikuwa petroli. Ningenusa tu kijiti ningejua.

Halafu, baada ya kilomita 100,000, kiwango kikaanza kushuka. Ringi zilikuwa zimelika na nyingine kugandiana na kaboni, na injini ikaanza kula kweli: kutoka alama ya juu hadi ya chini kwa kilomita 1,500. Nilipowaambia kwenye sevisi ya 105,000 mlinijibu kwamba hiyo ni kawaida. Dhamana ilikuwa imeshaisha, bila shaka ni kawaida.

Hapa nami nina kosa langu na silifichi. Baada ya sevisi hiyo nilikaa kama miezi miwili bila kuchomoa kijiti. Nilidhani taa nyekundu ya oili ingeniambia. Sasa najua taa ile haipimi kiwango, inapima shinikizo, na ikiwaka wakati unaendesha basi beringi zimeshaanza kukosa oili. Haikuwahi kuwaka, lakini ilikuwa bahati. Kama mnataka kunihesabia kosa hilo, lihesabuni. Ni miezi miwili kati ya miezi zaidi ya thelathini tangu sevisi ya tano.

Sasa suala la kilomita 15,000, ambalo linanikera karibu sawa na thamostati. Kitabu cha gari kina safu mbili za sevisi. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida, oili kila kilomita 15,000. Ya pili, ukurasa unaofuata, ni ya hali ngumu, kila kilomita 7,500, na hali ngumu imeelezwa: safari fupi fupi, foleni, vumbi, kukaa na injini ikiunguruma. Mimi nashona nguo na kuwapelekea wateja majumbani. Safari nane au tisa kwa siku, kila moja kilomita tano hivi, nazima, napima nguo saa nzima, nawasha tena injini ikiwa imepoa. Wastani wa mwendo wangu, kwa kompyuta ya gari, ni kilomita 25 kwa saa. Pigeni hesabu: kilomita 15,000 kwa mwendo huo ni saa 600 za injini kuunguruma na oili ile ile. Mtu wa safari ndefu anayekwenda 75 kwa saa anatumia saa 200 tu kwa kilomita hizo hizo. Mita ya kilomita haizioni saa 400 za tofauti, lakini oili inaziona. Kwa miaka saba hakuna hata mtu mmoja pale mapokezi aliyeniuliza, "Mama, gari hili unalitumiaje?" Lingekuwa swali la sekunde kumi. Mlinipigia simu kunikumbusha sevisi, mkanitumia ujumbe wa sikukuu, mkanishawishi nibadilishe manukato ya gari, lakini swali hilo hamkuuliza.

Baada ya ripoti yenu nilimpelekea gari fundi wa nje, kwa mara ya kwanza. Alianza kwa kupima. Mgandamizo wa silinda ya kwanza bar 12.5, ya pili 12, ya tatu 7.5. Akatia oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi ya silinda ya tatu, akapima tena: 10.5. Akanieleza kwamba kama tatizo lingekuwa kwenye valvu au gasketi, oili ile isingesaidia kitu. Ikiwa mgandamizo unapanda, zinazovuja ni ringi. Alifungua bakuli la oili chini. Matope meusi, na chujio la pampu ya oili limezibwa karibu nusu. Plagi zote tatu zina masizi makavu meusi ya petroli iliyozidi. Hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ni nzima. Krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni nzima. Kuta za silinda mbili bado zina mistari ya kiwandani. Hiyo si injini iliyozeeka. Iliyozeeka huchoka kote.

Thamostati niliipima mwenyewe jikoni, kwa maelekezo yake. Imechongwa namba 82, yaani inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi. Nilitafuta sufuria na kipimajoto nikijiandaa kuchemsha maji. Sikufika huko. Nilipoitumbukiza kwenye maji baridi ya bomba ilikuwa iko wazi tayari, nafasi ya kupitisha kalamu. Niliitikisa, nikaigonga mezani. Iko wazi.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, ile ripoti ifutwe na iandikwe nyingine yenye vipimo, iliyosainiwa na fundi aliyepima, kwa sababu sitaki maneno "mwisho wa umri wake" yabaki kwenye kumbukumbu za gari langu. Pili, mgharamie ringi, gasketi, usafishaji wa mfumo wa oili na kazi ya kufungua na kufunga injini. Siombi injini mpya. Haihitajiki, na nashangaa mlivyokuwa wepesi kuniuzia. Kasoro iliripotiwa kwa mdomo wangu na kwa kompyuta yenu gari likiwa ndani ya dhamana, na kuisha kwa dhamana baadaye hakubadilishi tarehe ya karatasi. Tatu, mnipe nakala ya kumbukumbu zote za sevisi zangu kama zilivyo kwenye mfumo wenu, pamoja na jina la fundi aliyefuta ule msimbo na kazi aliyokuwa amepewa. Sitafuti afukuzwe. Nataka kujua kama alifuta kwa hiari yake au kwa maelekezo.

Na mle mapokezi wekeni hilo swali kwenye fomu: gari unalitumiaje. Kuna binti kwenye foleni siku nilipochukua ripoti, amenunua gari kama langu, rangi nyingine tu. Aliambiwa arudi kwa kilomita 15,000. Nilimfuata nje nikamfungulia kitabu kwenye ukurasa wa safu ya pili, ya hali ngumu.

Nimeambatanisha nakala ya karatasi ya kompyuta ya kilomita 75,000, nakala za mihuri yote saba, na vipimo vya fundi pamoja na picha za chujio la pampu. Thamostati sijaiambatanisha. Iko kwangu kwenye mfuko, na nitakuja nayo siku mtakayonipangia, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tutaitia kwenye maji ya bomba pale pale mapokezi, mbele ya foleni.

Wenu,

Mteja mwenye mihuri saba