Yule aliyeshika kamba pia ana jina

Mhariri,

Niliona ile picha mliweka ukurasa wa michezo wiki juzi, ya farasi aliyeshinda pale resikosi ya Ngong Road, uwanja wa mbio za farasi hapa Nairobi. Chini yake mkaandika jina la farasi, la joki aliyempanda, la trena anayemfunza na la mwenye farasi, halafu yule jamaa wa koti la kijani aliyeshika kamba mkamwandika "na msaidizi". Huyo tunafanya kazi yadi moja ya farasi. Alikuwa amenunua magazeti mawili, moja lake na lingine la kutumia mamake huko ushago, na alipofika hapo kwa "msaidizi" akayakunja yote akayaweka kwa mfuko na hakuongea tena hadi jioni. Ndo maana naandika.

Kwanza kazi yetu iko na jina, mtu wa kutunza farasi anaitwa saisi. Ni neno la zamani sana, lilikuja na Waarabu na Wahindi, na kwa kamusi ya Kiswahili liko. Mngeandika tu saisi ingekuwa afadhali.

Sisi saa kumi na nusu alfajiri tuko bandani, giza bado, na baridi ya upande wa Karen mnaijua. Kitu ya kwanza sio kufagia, ni kuangalia ndoo. Kama chakula cha usiku kimebaki basi kuna shida mahali, juu farasi wa mbio akiwa mzima hawezi acha shayiri. Halafu unapitisha mkono kwa miguu, polepole, mmoja mmoja. Chini ya goti farasi hana nyama, ni mfupa na kano peke yake, na kano ikianza kuumia inatoa joto kidogo sana ambalo mtu mwenye haraka hawezi kulisikia, lakini mimi nimeshika huo mguu kila asubuhi miaka 3 sasa, najua joto lake la kawaida ni lipi. Trena akipita ananiuliza, "vipi huyu leo?" na venye nitajibu ndo itaamua kama atakimbizwa ama atatembezwa tu. Nikikosea hapo, farasi anaweza vunjika mbele ya watu Jumapili.

Baada ya mazoezi ni kumtembeza hadi apoe, kumpa maji kidogo kidogo, kumwagia miguu maji baridi na mpira, kumpiga brashi, kutoa samadi na maranda yaliyolowa na toroli, kuweka mengine makavu. Hiyo naipitia haraka kwa sababu kila mtu anaweza kuifikiria. Kile watu hawafikirii ni usiku.

Farasi hawezi kutapika. Akipata gesi ama matumbo yajikunje, hakuna njia ya kutoa kwa mdomo, na anaweza kufa kabla ya kuche. Mwaka jana siku nne kabla ya resi, jike ninayemtunza, tunamwita Kadogo ingawa ana kilo karibu 500, alianza kujiangalia ubavuni na kukwaruza chini na mguu, saa tatu usiku. Nikapigia trena, trena akapigia daktari, daktari akaja akamdunga sindano akapitisha mpira puani hadi tumboni, akasema sasa mtembezeni msimwache ajigaragaze. Nikamtembeza mimi na huyo mwenzangu mnamwita msaidizi, tukipokezana kamba, tukizunguka uwanja ule mdogo huku tukisikiliza tumbo lake kama limeanza kunguruma, juu likinyamaza kabisa hiyo ni mbaya. Saa kumi hivi akanya. Mhariri, mtu ambaye hajawahi ngojea mavi ya mnyama masaa saba hawezi elewa tulivyokumbatiana pale gizani. Hakukimbia Jumapili hiyo. Alikimbia miezi miwili baadaye akamaliza wa pili, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Halafu kuna wakati wa mvua, na hapo ndo roho inakaa juu. Kuna ugonjwa wa farasi unaletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinauma kuanzia jua likizama hadi asubuhi. Punda milia wanakaa nao bila kuugua lakini farasi akishikwa vibaya anafura juu ya macho, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na dawa ya kuuponya hakuna, kuna chanjo tu. Kwa hivyo jioni kabla giza wote wawe ndani, na sio mwenye farasi anayekumbuka kufunga mlango, ni saisi. Nilishapoteza mmoja hivyo, kwa yadi nyingine zamani. Asubuhi alikuwa anakohoa tu kidogo na kesho yake jioni tulikuwa tunachimba shimo. Hata leo banda likiwa tupu wakati wa mvua sipendi kupita karibu.

Mateke na kuumwa siongezi sana. Nilivunjwa mbavu mbili, nikakaa nyumbani wiki 5 bila mshahara, na nikarudi kwa farasi yule yule kwa sababu hakuwa na makosa, alishtuliwa na mabati.

Sasa angalieni historia. Derby ya Kenya, ile resi kubwa ya farasi, imekuwa ikikimbiwa tangu 1914, resikosi hii ya Ngong Road ilifunguliwa 1954, na kwa orodha zote nimewahi kuona za washindi sijaona jina la saisi hata mmoja. Mnajua Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki na ndege peke yake 1936 akitoka Uingereza hadi Canada, alikuwa pia trena na alishinda Derby mara sita, na alifariki 1986 akiishi hapo hapo karibu na resikosi. Yeye akiandika maisha yake alimtaja arap Ruta, mwenzake wa tangu utotoni kule Njoro ambaye alimfanyia kazi na farasi na baadaye na ndege. Kwa hivyo tunamjua arap Ruta. Wale wengine wote walioamka alfajiri kwa zaidi ya miaka 100 tumewapoteza kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kuuliza ni dakika moja.

Mimi siombi pesa wala ukurasa mzima. Naomba mkiweka picha ya mshindi, kama mtu ameshika kamba, mwandikeni na yeye, jina lake la kwanza na la pili. Huyo mwenzangu atakuwa resikosi Jumapili hii na farasi wawili, resi ya tatu na ya sita, atavaa lile koti la kijani. Mpiga picha wenu amwendee pale farasi wanapovishwa matandiko amuulize, atamwambia.

Saisi,
Ngong Road, Nairobi