Kwa walimu vijana wa Jiografia: anzeni na maharage

Wanangu mnaofundisha Jiografia,

Chaki nimeitua siku nyingi, lakini mjukuu wangu aliye sekondari huniletea madaftari yake kila likizo, nami mazoea ya kusahihisha hayajaniisha. Safari hii nimekuta ukurasa mzima wa sifa za nchi zinazoendelea: umaskini, vifo vya watoto wachanga, jembe la mkono, watu kuongezeka haraka. (Eti sifa! Zingekuwa sifa tungezipigia ngoma.) Nikamuuliza zimetoka wapi. "Babu, ndizo zinazokuja kwenye mtihani."

Siwalaumu. Orodha hiyo hiyo niliiandika ubaoni miaka na miaka. Mtoto akiikariri anapata alama zake, ila hajui nchi imewekwa pale na nani, wala kwa kipimo gani.

Kwa hiyo anzeni na maharage. Iteni wanafunzi kumi mbele. Tisa wapeni punje moja moja, wa kumi mpeni 91. Jumla 100, wastani punje kumi. Kisha mwambieni mwenye punje kumi anyooshe mkono. Wakishacheka, watajieni Guinea ya Ikweta. Mafuta yaliinua pato la wastani la nchi ile mpaka mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukaiondoa kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa, kwa kigezo cha pato tu. Vigezo vingine haikuvifikia. Cape Verde haina mafuta na pato lake la wastani ni dogo kuliko la Guinea ya Ikweta, lakini ilishatoka kundini mwaka 2007, na umri ambao watu wake wanatarajiwa kuishi unawazidi wale wenye mafuta kwa zaidi ya miaka kumi. Waacheni wanafunzi wabishane hapo, hata kengele ikilia.

Mtaulizwa kuhusu kwetu Tanzania, na msikwepe. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza uchumi wa kati wa chini. Mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka. Sisi tulikuwa na 1,080. Pale kijiweni kwenye kahawa mzee mwenzangu akaniuliza, "Mwalimu, huo uchumi wa kati umepita njia gani, mbona hapa hatujauona?" Na Umoja wa Mataifa haukututoa kwenye lile kundi la chini. Hakuna aliyesema uongo. Benki ya Dunia inatazama pato peke yake. Umoja wa Mataifa unatazama pato, afya na elimu ya watu, na jinsi nchi inavyoweza kuyumbishwa na ukame au bei za mazao. Mwanafunzi akilielewa hilo, hata zile sifa hatazikariri tena kama kasuku.

Kuna na swali la nini kinahesabiwa. Mama lishe akipika wali akauuza, kazi yake imo kwenye pato la taifa. Mama huyo huyo akirudi nyumbani akawapikia wanawe, haimo. Hesabu yenyewe nayo hukarabatiwa: mwaka 2014 Kenya ilipopanga upya takwimu zake, uchumi ulionekana mkubwa kwa takribani robo, na nchi ikahesabiwa ya kipato cha kati. Shamba halikuongezeka hata ekari moja.

Kielezo cha maendeleo ya binadamu, kinachopima afya, elimu na pato kwa pamoja, kilichoanza mwaka 1990 kwa juhudi za mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistan, kimo vitabuni mwenu, sina la kuongeza. Ila msikifundishe bila swali la sababu. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966, almasi za Orapa zikagunduliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1994 ikatoka kwenye kundi la chini. Congo ya Kinshasa nayo ina almasi, lakini bado imo kundini. Wapeni hilo waende nalo nyumbani, na msiwape jibu siku ya pili. Kuna atakayetaja ukoloni, kuna atakayetaja uongozi, na wawili hao wakishikana mashati kwa hoja, mwalimu kaa kwenye dawati la nyuma usikilize.

Maharage yakishatumika yapelekeni jikoni. Mimi niliyasahau kabatini muhula mzima, yakaliwa na wadudu, na mpishi wa shule hajanisamehe mpaka leo.

Babu yenu, mwalimu mstaafu