Barua kwa Mwalimu wa Nansio: Kuidai Serikali Mahakamani kwa Ajili ya Ziwa

Kirumba, Mwanza
Agosti 2025

Mwalimu wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kirumba. Sisi sote hatujambo, na ni matumaini yangu kwamba wewe na nyumba yako huko Nansio ni wazima. Barua yako niliipata, nikaisoma zaidi ya mara moja, na nimechelewa kuijibu kwa sababu swali lililomo halikuwa la kujibiwa kwa pupa. Umeniuliza kama wananchi wa mialo (fukwe za kushushia samaki) ya Ukerewe, huko kwenu Ziwa Victoria, wanaweza kuifungulia Serikali shauri ili ichukue hatua madhubuti zaidi za kuwakinga na mabadiliko ya tabianchi, au kama jambo hilo ni kupoteza nauli ya meli tu. Jibu langu ni kwamba inawezekana na kuna faida, lakini njia yenyewe si ile inayotujia akilini tunaposikia habari za kesi za Ulaya.

Nianze na hiyo kesi ya Uholanzi uliyoisikia redioni. Taasisi iitwayo Urgenda, pamoja na raia 886, iliishtaki Serikali yao kwa kuwa na malengo hafifu ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Mwaka 2015 mahakama ya The Hague iliamuru kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2020 gesi hizo ziwe zimepungua kwa angalau asilimia 25 zikilinganishwa na zile za mwaka 1990. Serikali ilikata rufaa ikashindwa, ikaenda Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, na tarehe 20 Desemba 2019 ikashindwa tena. Lengo lilifikiwa, ingawa ni lazima tukiri kwamba janga la korona, lililopunguza safari na shughuli za viwanda, lilisaidia. Baadaye Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwaka 2021, ilisema sheria ya tabianchi ya nchi hiyo inawatwisha vijana mzigo wa kesho kwa kutosema lolote la maana kuhusu miaka inayofuata 2030. Bunge lao likairekebisha sheria hiyo mwaka huohuo.

Hukumu hizo ninaziheshimu sana. Hata hivyo, Mwalimu, Uholanzi na Ujerumani ni nchi za viwanda zilizochafua anga kwa zaidi ya karne moja, na wadai wao walikuwa na haki ya kusema: punguzeni. Sisi tukienda Mahakama Kuu hapa Mwanza na kuiambia Serikali ya Tanzania ipunguze gesijoto, wakili wa Serikali atauliza, na atakuwa na hoja, gesi gani hizo zinazotoka Ukerewe zilizopandisha maji ya ziwa. Haja yetu sisi ni kukingwa na madhara ambayo hatukuyasababisha. Kwa sababu hiyo kesi ninayotaka uisome kwa makini ni ya Pakistan, ambayo wengi hawaitaji.

Mwaka 2015 mwananchi mmoja wa familia ya wakulima, Asghar Leghari, alikwenda Mahakama Kuu ya Lahore. Serikali yake ilikuwa na sera nzuri ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2012, pamoja na mpango wa utekelezaji wenye hatua zilizoorodheshwa moja baada ya nyingine, kuanzia maji hadi kilimo. Kilichokosekana ni utekelezaji. Leghari hakuomba fidia, wala hakuitaka mahakama itunge sera mpya. Alisema kwamba ukame na mafuriko yanatishia maji na chakula, na kwamba Serikali kukaa kimya juu ya mpango wake yenyewe ni kuvunja haki yake ya kuishi. Jaji Syed Mansoor Ali Shah aliwaita maofisa wa wizara waeleze wamefanya nini, akaona kwamba kilichofanyika ni kidogo mno, akaagiza kila idara iteue ofisa wa kuwajibika, kisha akaunda tume ya kusimamia kazi hiyo na kuripoti mahakamani. Shauri lilipofungwa mwaka 2018, karibu theluthi mbili ya hatua zilizopewa kipaumbele zilikuwa zimetekelezwa. Kwangu mimi huo ni ushindi mkubwa kuliko hukumu nyingi zenye maneno makali, kwa sababu matokeo yake yalionekana katika mifereji na mashamba.

Sasa tutazame tulicho nacho sisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu, katika kifungu cha 4, haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kufungua shauri dhidi ya yule ambaye kitendo chake, au kutotenda kwake, kunahatarisha mazingira. Hayo maneno ya kutotenda yasikupite. Kifungu cha 75 kinamtaka Waziri, akishauriana na wizara nyingine, achukue hatua za kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi na aziagize wizara hizo ziwe na mikakati na mipango ya utekelezaji. Juu ya hayo, Serikali iliwasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 2021 ahadi za taifa chini ya Mkataba wa Paris, na mwaka huohuo ikatoa mkakati wa taifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi unaofika mwaka 2026. Kwa hiyo tuna wajibu ulioandikwa na tuna ahadi iliyotiwa saini. Swali la kuuliza mahakamani ni jepesi kulitamka: katika yale mliyoandika, ni lipi mmelifanya kwenye mialo ya Ukerewe?

Wala usidhani mahakama zetu ni ngeni katika mambo haya. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaka moto na kuwajaza moshi na harufu. Walishinda, na Jaji Lugakingira, katika shauri hilohilo, alilihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likazihamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, Festo Balegele na wenzake zaidi ya mia saba, wakaenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Wale walikuwa watu wa kawaida kabisa, tena Sheria ya Mazingira tuliyo nayo leo ilikuwa bado haijazaliwa.

Niseme kuhusu ushahidi, maana hapo ndipo mashauri mengi hufia. Ziwa letu linapata takribani asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvua ikizidi kwa misimu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia isipokuwa kwenye fukwe zetu, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, kina kilipofikia kile cha rekodi cha mwaka 1964 na kukizidi kidogo. Wanasayansi waliolichunguza tukio hilo wamekadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliongeza uwezekano wa kupanda kwa maji namna ile kwa takribani mara 1.8. Utafiti wa aina hiyo ni kielelezo ambacho wakazi wa Tabata hawakukihitaji, lakini sisi tunakihitaji, kwa sababu moshi wa dampo huonekana unakotoka na mvua haionekani ilikotoka.

Sayansi peke yake haitoshi, hata hivyo. Tangu mwaka 2020 sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi inamtaka mdai aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Wapo wanasheria wanaolalamikia marekebisho hayo, nami ni mmoja wao, kwa kuwa yanamfungia mlango mtu anayetaka kutetea maslahi ya umma. Lakini watu wako wa Ukerewe hawana tatizo hilo. Mama anayeanika dagaa mchangani, ambaye mvua ikinyesha nje ya msimu dagaa wake huoza au huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, ameathirika yeye mwenyewe, na anaweza kuapa hivyo bila kuongeza neno. Vivyo hivyo mvuvi ambaye nyumba yake ililiwa na maji, na mkulima wa mpunga wa ufukweni. Ningependa wadai wawe wachache, watu watatu au wanne wenye habari iliyo wazi, kuliko orodha ndefu ambayo nusu yake wataulizwa maswali wasiyoweza kuyajibu.

Kuna mambo mawili ya taratibu ambayo usiyapuuze. La kwanza, anayeidai Serikali katika shauri la kawaida la madai hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na mimi huona muda huo ni nafasi nzuri, kwa sababu ofisi ikipokea notisi iliyoandikwa kwa adabu na kwa ukamilifu, wakati mwingine huchukua hatua kabla ya shauri kufunguliwa. La pili ni muda. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliwahi kutoa hukumu njema mwaka 2014 ya kuzuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, jirani zetu kabisa; lakini mahakama hiyohiyo, mwezi Novemba 2023, iliyatupa malalamiko ya mashirika manne dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo sehemu yake inapita katika bonde la ziwa hili. Iliyatupa kwa kuwa yaliletwa nje ya miezi miwili inayoruhusiwa na Mkataba wa Jumuiya, bila kuyapima madhara yenyewe. Walalamikaji walikata rufaa. Inaniuma sana kwamba jambo zito kiasi kile lilikwama kwenye kalenda.

Kuhusu maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 23 Julai mwaka huu, ni kweli kwamba sasa imetamkwa wazi kuwa mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha nayo imeombwa mwezi Mei itoe maoni yake kwa bara letu. Yatatusaidia kama hoja za kuunga mkono. Moyo wa shauri letu utabaki kuwa kifungu cha 75.

Umeandika kwamba wazee wa mwaloni wanaogopa kuonekana wapinzani. Hofu hiyo naielewa, na sitaki uwabeze. Waeleze kwamba Katiba yenyewe, katika ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi, na kwamba tutakachoomba ni kitu ambacho hata mkuu wa wilaya angekifurahia: mpango wa Ukerewe ulioandikwa, wenye bajeti, wenye chanja za kuanikia dagaa na taarifa za hali ya hewa zinazofika mwaloni kabla mitumbwi haijatoka, na taarifa ya utekelezaji kuletwa mahakamani kila baada ya miezi sita. Asiyekubali baada ya kuelezwa hivyo, mwache kwa heshima. Wadai wasishawishiwe kwa nguvu.

Nakuomba basi ukusanye mihtasari ya mikutano ya kijiji na ya kikundi cha usimamizi wa mwalo tangu mwaka 2019, nakala za barua zote mlizopeleka halmashauri pamoja na majibu kama yalikuwepo, na picha zenye tarehe. Pia kamuulize ofisa mazingira wa wilaya, kwa maandishi, kama mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi wa halmashauri upo, na umwombe akujibu kwa maandishi vilevile. Barua hiyo ipeleke kwanza kabla ya yote, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Nikipata bahasha yako nitaanza kuandika rasimu ya notisi, kisha nitavuka kuja Nansio ili wadai waisome na kuirekebisha kabla sijaipeleka popote.

Wasalimie wote nyumbani, hasa Mama, na mwambie dawa aliyoniagiza nimeipata.

Ni mimi rafiki yako,
Wakili