Maksi zikibishaniwa, daftari lifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya muhula yanapotoka vyuoni, maneno ni yaleyale. Wanafunzi wanasema wamekomolewa, wahadhiri wanasema vijana wa siku hizi wanataka maksi za bure. Naomba nafasi niseme jambo ambalo pande zote mbili hulipita: sehemu kubwa ya ubishi huu haihusu elimu hata kidogo. Inahusu kujumlisha, kunakili na kutunza karatasi. Mhadhiri anayepokea malalamiko kama matusi, akaanza kutetea heshima yake badala ya kufungua daftari la majibu, anageuza jambo la dakika kumi kuwa kesi ya miezi.

Kwanza, msomaji ambaye hajapita chuoni aelewe kwa nini kijana mwenye 59 hapati usingizi. Kwa viwango vinavyotumika katika vyuo vyetu vingi vya Tanzania kwa shahada ya kwanza, 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, na 40 hadi 49 ni C. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa somo, unaohesabiwa kwa krediti, na jumla hugawanywa kwa uzito wa masomo yote. Shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 360. Chukua mwanafunzi aliyemaliza na jumla ya pointi 1,253: GPA yake, yaani wastani wa pointi, ni 3.48. Chuo kikiikata kwenye desimali moja bila kuipandisha, anabaki na 3.4, yaani daraja la pili la chini. Sasa somo lake moja la krediti 12 likipanda kutoka 59 kwenda 60, anaongeza pointi 12, jumla inakuwa 1,265, na GPA ni 3.51. Huyo ana 3.5, daraja la pili la juu. Maksi moja tu. Na kwa anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi, ambako vyuo vya umma hudai angalau 3.8, hesabu ni kali hivyohivyo. Kwa hiyo mhadhiri anayemwambia mwanafunzi “maksi moja inakusumbua nini?” ama hajui hesabu za chuo chake, ama anajifanya hazijui.

Makosa yenyewe yanajificha wapi? Nianze na daftari. Swali la 3 limeanzia ukurasa wa 6, mwanafunzi akakwama, akaruka kwenda swali la 5, kisha akarudi kumalizia la 3 ukurasa wa 15. Msahihishaji aliyechoka anaona nusu ya jibu, anatoa 7, anafunga. Au kuna karatasi ya nyongeza iliyofungwa kwa uzi nyuma, uzi ukakatika. Au maksi zimeandikwa pembeni mwa kila kipengele lakini hazikuhamishiwa kwenye jedwali la jalada. Tusijidanganye kuhusu uchovu: madarasa ya wanafunzi 400 si ajabu, na kila daftari likichukua dakika 12 tu, hizo ni saa 80, yaani siku kumi za kazi za saa nane bila kufanya kingine chochote. Daftari la 300 halisomwi kwa macho yaliyosoma la kwanza. Ndiyo maana ni afadhali kusahihisha swali kwa swali kwa darasa zima kuliko daftari kwa daftari, na kama wasahihishaji ni watatu, wote waanze kwa kusahihisha madaftari kumi yaleyale na kulinganisha maksi kabla ya kugawana rundo.

Baada ya daftari huja kompyuta, na huko ndiko kosa moja linapoangusha watu wengi kwa mkupuo. Mtihani umesahihishwa kwa 100 lakini unachangia 60; mwanafunzi kapata 65, ambayo ni 39 ya 60. Akiwa na 26 ya kazi za muhula, ana 65, B+. Mtu akiichukua ile 39 akadhani bado ni ya 100, akaizidisha tena kwa 0.6, inakuwa 23.4, na jumla inaporomoka hadi 49.4, C. Kosa jingine: kupanga safu ya namba za usajili peke yake huku safu ya maksi ikibaki ilivyokuwa, kila mtu akapata maksi za jirani yake. Hapo wanaolalamika ni nusu tu ya walioguswa, maana waliopandishwa hawana shida! La tatu ni kisanduku kitupu. Programu ikijumlisha, kisanduku kitupu ni sawa na sifuri. Ikitafuta wastani, hakihesabiwi kabisa. Aliyekosa jaribio la pili anaweza kuangushwa au kubebwa kutegemea tu fomula uliyotumia. Asiyefanya jaribio aandikiwe alama yake maalumu, asiachwe wazi, na asipewe sifuri mpaka ijulikane kama alikuwa hospitali.

Na kuna maksi zinazopotea kabisa. Kenya nako kilio hicho ni cha miaka mingi. Dawa yake ipo kwenye chumba cha mtihani, si ofisini miezi mitatu baadaye: mwanafunzi asaini karatasi ya mahudhurio ikiwa na namba ya daftari lake, msimamizi ahesabu saini, ahesabu madaftari, namba mbili zilingane kabla ya mtu kutoka, na mhadhiri asaini idadi anayopokea. Daftari likipotea baada ya hapo, inajulikana limepotelea mkononi mwa nani. Pasipo karatasi hiyo, mwanafunzi anaambiwa “hukufanya mtihani”, naye hana pa kushika.

Sasa mwanafunzi amegonga mlango. Jambo la kwanza ni kumtaka aandike, hata nusu ukurasa: namba ya usajili, msimbo wa somo, maksi aliyoiona, na anachokilalamikia hasa. Asitume ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku, na mhadhiri asijibu maksi kwa WhatsApp hata akitumiwa. Maandishi yanamsaidia mwanafunzi mwenyewe kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huja yamefungwa pamoja: kwamba maksi haionekani, kwamba hesabu si sahihi, au kwamba jibu lake lilistahili zaidi. La kwanza na la pili mhadhiri na mratibu wa mitihani wa idara wanaweza kuyamaliza mchana huohuo. La tatu ni jambo jingine, nitalifikia.

Ukaguzi wa hesabu una mpangilio wake, na usifanywe na aliyesahihisha peke yake. Awepo mtu wa pili wa idara. Linganisha namba ya daftari na karatasi ya mahudhurio. Funua kila ukurasa, pamoja na ile inayoonekana mitupu, hadi jalada la nyuma. Jumlisha upya maksi za pembeni bila kuangalia jumla ya jalada, ndipo ulinganishe. Kisha fungua jedwali la kompyuta, fuata mstari wa mwanafunzi huyo, na uangalie walio juu na chini yake mistari miwili mitatu, kwa sababu kosa la kupanga safu halimpati mtu mmoja. Mwisho linganisha na kinachoonekana kwenye mfumo wa chuo. Matokeo ya ukaguzi yaandikwe hata kama hakuna kilichobadilika.

Kosa likipatikana, wengi hukosea hapa: wanarekebisha maksi za aliyekuja tu. Ikiwa swali la 2 lilikuwa na takwimu iliyochapwa vibaya, limewaumiza wote waliolijibu, na mkimya wa mstari wa nyuma ana haki sawa na aliyekuja na barua. Kinyume chake, kumwongezea maksi mbili anayelia ofisini ni kuwaibia waliobaki nje. Huruma ya aina hiyo haina jina zuri.

Ijulikane pia kwamba maksi zikishapita kwenye bodi ya idara, ndaki (kundi la idara) na hatimaye Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, mhadhiri hana tena mamlaka ya kuzibadili kwa kalamu yake. Inahitajika fomu yenye maksi ya zamani, maksi mpya, sababu, nakala ya ukurasa unaothibitisha, saini ya mhadhiri na ya mkuu wa idara, kisha ipande ngazi zilezile. Kabla ya Seneti matokeo ni ya awali, na marekebisho ni mepesi. Mwanafunzi anayeliona kosa mapema halafu akangoja “nitaongea na mwalimu tukifungua chuo” anajipandishia mlima mwenyewe.

Tuje kwenye lile la tatu. “Nilisoma sana” si hoja ya rufaa. “Rafiki yangu aliandika kama mimi akapata 15” nayo si hoja, ingawa inaudhi nikikiri, kwani huenda huyo rafiki ndiye aliyezidishiwa. Kanuni za vyuo vyetu kwa kawaida hukubali rufaa kwa usahihishaji usio wa haki, makosa ya kukokotoa, au kasoro katika uendeshaji wa mtihani, na huweka muda wa mwisho kuanzia siku matokeo yanapotangazwa. Muda huo hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo asomaye kanuni za chuo jirani atachelewa. Mwanafunzi aonyeshe kipengele: swali la 4(b), mwongozo wa usahihishaji unadai mambo matano, nimetaja manne, nimepewa maksi ya mambo mawili. Barua ya namna hiyo inajibika.

Lakini atajuaje mwongozo unadai nini? Vyuo vingi havimrudishii mwanafunzi daftari la mtihani wa mwisho, na hapo ndipo mimi nasimama upande wa wanafunzi. Si lazima daftari litoke nje. Alione, mbele ya watu wawili wa idara, mlango ukiwa wazi, bila kalamu na bila simu, mwongozo ukiwa mezani. Nusu saa inatosha, na wengi wakishaona kurasa zao wenyewe huondoka bila kuandika rufaa.

Usahihishaji wa pili ukiamriwa, upewe mtu asiyeijua maksi ya kwanza. Hapa vyuo vinazembea sana: daftari linapelekwa likiwa limejaa wino mwekundu na jumla kwenye jalada, halafu tunashangaa maksi ya pili ikifanana na ya kwanza. Toeni nakala safi, yaani mhadhiri akisahihisha mtihani aandike maksi kwenye karatasi ya pembeni, au nakala ifunikwe alama kabla ya kutolewa. Lisahihishwe daftari zima, si swali moja analolitaka mwanafunzi. Na aambiwe mapema, kwa maandishi, kama maksi yake inaweza kushuka kwa mujibu wa kanuni za chuo, ili asije akadai ameadhibiwa kwa kukata rufaa.

Kuhusu simu za wakubwa nitasema kwa ufupi. Mzazi, mbunge au kamishna akipiga kuuliza maksi za “kijana wetu”, jibu ni kwamba matokeo ni ya mwanafunzi na yeye ndiye wa kuyauliza; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa sheria hiyo majina na maksi hayapaswi hata kubandikwa ukutani wala kurushwa kwenye kundi la darasa. Na mhadhiri anayesema “njoo tuzungumzie maksi zako nyumbani” au hotelini, huyo hayumo tena kwenye ubishi wa maksi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu, na mahali pa kwenda ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, si kwa mkuu wa idara. Mwanafunzi atunze ujumbe aliotumiwa, asiufute kwa hasira.

Ningeulizwa nichague hatua moja tu, ningechagua maksi za kazi za muhula. Katika somo lenye mgawanyo wa 40 kwa 60, maksi 40 zimeshapatikana kabla ya mtihani wa mwisho, na hakuna sababu ya kuzificha. Majaribio yarudishwe ndani ya wiki mbili, orodha ibandikwe kwa namba za usajili wiki moja kabla ya mtihani, kila mwanafunzi asaini mbele ya maksi zake au aandike anachokipinga. Kazi za vikundi ziangaliwe kwa namna ya pekee, maana jina lililosahaulika kwenye jalada la kazi ya watu kumi hugunduliwa siku hiyo au halitagunduliwa mpaka mtu apate sapu, yaani mtihani wa marudio. Mhadhiri atakayefanya hivyo, akija kubishaniwa mwishoni, atakuwa anabishaniwa 60 tu.

Na vyuo vinavyotoza ada ya rufaa kwa kila somo viirudishe kosa linapothibitika kuwa la chuo. Fomu ya rufaa iwe na kisehemu cha namba ya akaunti tangu mwanzo, asilazimike mtu kuandika barua nyingine kuidai.

Mhadhiri, Morogoro